Maswali ya Wasomaji: Hiyo "Bila Kikomo" Inaishia Wapi?

Barua nne za mwezi huu zinazunguka neno moja: "bila kikomo". Mmoja anataka kulinunua, wa pili limemwangusha, wa tatu anaiamini kampuni yake kupita kiasi, na wa nne anataka kuliuza. Kabla sijaanza kutengeneza tovuti za watu hapa Jinja nilikaa miaka minne kwenye dawati la wateja la kampuni moja ya kuhosti tovuti (kuzihifadhi kwenye seva, yaani kompyuta zinazowaka mchana na usiku) mjini Kampala, zamu ya usiku. Neno hilo nimelisoma kutoka upande wa wanaoliandika, kwa hiyo nitajibu kama mtu aliyekuwa ndani.

Swali: *Dada, salamu kutoka Mbale. Mimi ni mpiga picha wa harusi, kwanjula (utambulisho wa posa) na, ukifika mwaka wa shufwa, Imbalu, jando la kwetu. Kila shughuli narudi na picha kama 800, kila moja ina MB 8 hivi, na kwa wiki nafanya shughuli mbili. Mwaka jana diski yangu ya nje ilianguka kutoka mezani, picha za miezi saba zikaenda nayo. Sasa kuna kampuni inatangaza nafasi ya tovuti isiyo na kikomo kwa Shs 240,000 kwa mwaka. Nataka kupakia kila kitu huko, wateja wajichukulie wenyewe, nami niachane na mambo ya diski. Hii kitu ni ya kweli?*

Kaka, pole sana. Picha za miezi saba za sherehe za watu hazilipiki.

Jibu langu ni hapana. Kwa kazi hiyo unayotaka kuifanya, usilipe hizo hela. Sisemi kampuni hiyo ni ya wezi. Nasema ahadi yao haikuandikwa kwa ajili ya mtu kama wewe, na siku watakapokugundua ndiyo siku utakapousoma mkataba kwa mara ya kwanza.

Tupige hesabu. Picha 800 za MB 8 ni GB 6.4. Shughuli mbili kwa wiki ni GB 12.8. Kwa wiki 52 unafika GB 665 na ushee. Seva niliyokuwa naiangalia usiku kucha kule Kampala ilikuwa na diski za TB 4, yaani GB 4,000, na ndani yake akaunti zipatazo 500. Wewe peke yako ungeijaza yote kwa miaka sita.

Sasa wale 500 walikuwa wanaishije humo, na kila mmoja ameahidiwa bila kikomo? Walikuwa wanaishi kwa raha kabisa, kwa sababu hawakuwa na vitu. Nyumba ya wageni yenye picha kumi na namba ya simu. Wakili mwenye kurasa tano. Chama cha akiba, kanisa, duka la vipuri. Wengi wao hawakufika hata GB 1, na wastani wa seva nzima ulikuwa GB 2 hadi 3. Ni kama kisima cha pampu kijijini: hakuna anayekuhesabia jerikeni ukija na mbili asubuhi na mbili jioni, na kisima kinaitwa cha wote. Njoo na lori la tangi uone kama mwenyekiti wa kisima hatakuja mbio. Sheria ya tangi ilikuwepo siku zote, ila hakuna aliyekuwa na tangi.

Wala usidhani ni tabia ya makampuni madogo. Oktoba 2014 Microsoft ilitangaza kwamba wanaolipia Office 365 wangepata nafasi isiyo na kikomo kwenye OneDrive. Ulipita mwaka mmoja tu na siku chache. Novemba 2015 ikaiondoa na kuweka TB 1. Sababu waliyoitoa inafundisha kuliko tangazo lenyewe. Walisema watumiaji wachache walipita TB 75 kila mmoja, na kwamba hiyo ni mara 14,000 ya wastani. Gawanya mwenyewe: wastani unatoka GB 5 na kidogo. Yaani kampuni tajiri kama ile iliahidi bahari kwa kuwa ilijua mtu wa kawaida anachota kikombe. Amazon nayo ilianza mwaka 2015 na ikaacha 2017. Google Photos ilipokea picha zilizopunguzwa ubora bure na bila kikomo kuanzia 2015, ikafunga mlango tarehe 1 Juni 2021. Dropbox iliuondoa mpango wake wa aina hiyo kwa makampuni Agosti 2023. Kama hao wameshindwa, kampuni inayokutoza Shs 240,000 itawezaje?

Lakini kwako wewe tatizo lingeanza mapema zaidi, kabla hata ya GB. Lingeanzia kwenye idadi ya faili. Seva huhesabu kila faili na kila folda kama kitu kimoja, na mikataba mingi inaweka mpaka wa vitu hivyo, mara nyingi 200,000 au 250,000 kwa akaunti. Mpaka huo hauandikwi kwenye tangazo. Fungua masharti ya huduma kwenye simu au kompyuta, tafuta neno "inode", utaukuta umejificha katikati ya aya ndefu.

Unafikiri 250,000 ni nyingi? Ukiweka picha moja ya kamera kwenye WordPress, programu inayoendesha tovuti nyingi, haibaki moja. Inatengenezewa nakala ya upana wa pikseli 150, nyingine 300, 768, 1024, 1536, 2048, na kwa picha kubwa kama zako, nyingine ya 2560. Pamoja na ile uliyoipandisha, ni faili 8. Baadhi ya mandhari za tovuti huongeza saizi zao juu ya hizo. Tushike 8 tu: picha 800 mara 8 ni faili 6,400 kwa harusi moja. Gawanya 250,000 kwa 6,400, unapata harusi 39. Kwa kasi yako ya mbili kwa wiki, mwezi wa tano hauishi kabla hujagonga ukuta, na diski yao bado haijalalamika. Na hapo sijahesabu WordPress yenyewe, ambayo inakuja na maelfu ya faili zake, wala barua pepe; kwenye seva nyingi za aina hii kila barua pepe ni faili moja.

Kuna kifungu kingine ambacho ndicho kinachoniuma zaidi. Mikataba kadhaa niliyoisoma inasema akaunti ikipita GB 20, au ikipita faili 100,000, inatolewa kwenye bakapu, yaani nakala za akiba, za kampuni. Haifungwi. Hupigiwi simu. Tovuti inaendelea kufunguka kama kawaida, ila usiku ule mashine ya bakapu inapopita, inakuruka. Wewe uliyekimbilia huko kwa sababu ya diski iliyoanguka ungekuwa umerudi kulekule kwenye nakala moja, tena iko mikononi mwa mtu usiyemjua. Kwa kazi yako GB 20 ni shughuli tatu, na ya nne tayari imepita.

Na muda wa kupakia je? GB 6.4 kwa intaneti inayopandisha Mbps 5 ni karibu saa tatu kwa shughuli moja, umeme usikatike.

Sasa nikwambie ningefanya nini mimi. Ningenunua diski mbili za nje za TB 2, siyo moja. Kila Jumatatu ningenakili kazi ya wiki kwenye zote mbili, kisha moja ikae studio na nyingine nyumbani kwa mama au kwa ndugu wa mtaa mwingine, kwa sababu mwizi na moto haviji nyumba mbili siku moja. Picha zote za mteja ningempa kwenye flashi siku ya kukabidhi kazi, na kwenye karatasi ya makubaliano ningeandika nitazitunza miezi mingapi. Ukitaka nakala ya tatu mtandaoni, lipia hifadhi inayopimwa kwa GB, ile inayosema wazi TB 1 au TB 2. Ni ghali kuliko Shs 240,000, lakini unachokilipia unakiona.

Tovuti iwe dirisha la duka. Chagua picha 40 bora kwa kila shughuli, zipunguze kwenye kompyuta hadi upande mrefu uwe pikseli 2048 kabla ya kuzipandisha. Kila moja itakuwa KB 450 hivi. Hiyo ni MB 18 kwa shughuli, na kwa shughuli zako 104 za mwaka haifiki GB 2, bila kuhesabu nakala ndogo za WordPress. Faili pia zinapungua, kwa sababu WordPress haina haja ya kutengeneza zile saizi kubwa: zinabaki 6 kwa picha, kama 25,000 kwa mwaka. Mpango wa GB 10 uliotajwa kwa namba utakutosha miaka miwili hivi, na utaingia kwenye bakapu.

Swali: *Mimi ni mwalimu, ndiye ninayeangalia tovuti ya shule yetu ya msingi hapa Arua. Muhula uliopita tuliweka matokeo kwenye tovuti, tukatuma kiungo kwenye makundi yote ya WhatsApp ya wazazi saa nane mchana. Dakika chache baadaye tovuti ikaanza kuonyesha kosa namba 508, ikabaki hivyo mpaka jioni. Wazazi walidhani tunaficha matokeo. Kampuni inatuambia tununue mpango mkubwa zaidi, lakini wetu ni wa bila kikomo na tumetumia GB 1.3 tu. Tumeibiwa?*

Mwalimu, hamkuibiwa, lakini hamkuelezwa, na kwangu hilo linakaribiana na kuibiwa.

Kilichoahidiwa kuwa hakina kikomo ni nafasi ya diski. Prosesa, memori, na idadi ya watu wanaohudumiwa kwa wakati mmoja, vyote hivyo vina kikomo kwenye akaunti yako, na lazima viwe nacho, la sivyo shule moja ingezima tovuti za majirani wote kwenye seva hiyo. Namba 508 maana yake hasa ni hiyo: akaunti imefika mwisho wa fungu lake.

Nikueleze kilichotokea saa nane ile. Ukurasa wa WordPress haukai tayari kwenye rafu kama kitabu. Kila mzazi anayebofya, seva inaupika upya: inaita programu, inauliza hifadhidata, inapanga maneno, inatuma. Tuseme kupika ukurasa mmoja kunakula nusu sekunde ya prosesa, na umepewa prosesa moja. Basi unahudumia wazazi wawili kwa sekunde, hata ungekuwa na diski ya ukubwa wa ziwa. Makundi ya WhatsApp yanalia kwa pamoja, wazazi watano wanabofya kila sekunde. Wawili wanahudumiwa, watatu wanasubiri. Sekunde inayofuata wanasubiri sita. Akaunti nyingi za aina hii zinaruhusu watu 20 tu kuwa mlangoni kwa mara moja. Sekunde saba zinatosha kuujaza mlango. Wa 21 anaonyeshwa 508. Naye anafanya nini? Anabofya tena. Na tena. Kila anayebofya tena ni mgeni mpya kwenye foleni ileile, ndiyo maana haikupona mpaka jioni.

Kabla ya kununua mpango mkubwa, wekeni plagini ya kashe, programu ndogo inayoongezwa kwenye WordPress. Kazi yake ni kuhifadhi ukurasa uliokwisha kupikwa, mzazi wa pili na wa mia tatu wapewe uleule. Ukurasa wa namna hiyo hutoka haraka zaidi, na seva ikiutoa bila kuita programu, hauhesabiwi kwenye ule mlango wa watu 20. Matokeo yenyewe yawekeni kama PDF ndogo, moja kwa kila darasa. Nimeona shule inapandisha skani ya MB 14 ya karatasi ambayo ingeweza kuwa KB 200 kama ingehifadhiwa moja kwa moja kutoka kwenye programu iliyoiandika. Na kiungo tumeni darasa kwa darasa: P.1 saa nane, P.2 saa nane na robo, hivyo hivyo hadi P.7. Hilo halina gharama yoyote.

Ombi moja, Mwalimu, na naliomba kwa moyo. Usiweke jina la mtoto na alama zake kwenye ukurasa ambao dunia nzima inaweza kuufungua. Sheria ya Uganda ya ulinzi wa data na faragha ni ya mwaka 2019 na inawagusa hata walimu. Tumia namba ya mwanafunzi ambayo mzazi wake anaijua, au weka neno la siri kwa kila darasa. Mtoto aliyeshika mkia P.5 hastahili kukutwa na matokeo hayo akitafutwa kwa jina lake miaka kumi baadaye.

Swali: *Ni karani wa SACCO, Lira. Kampuni yetu inasema seva iko Ulaya na bakapu ni juu yao. Tukae na amani?*

Hapana, dada. Machi 10, 2021 moto uliteketeza jengo moja la seva za kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu bakapu zao zilikuwa kwenye eneo lilelile. Ulaya kuna moto pia. Na Januari ya mwaka huohuo wa 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchini kwetu kwa siku kadhaa, data iliyokuwa Ulaya ilikuwa salama lakini hakuna mtu wa Lira aliyeweza kuifikia.

Kila Ijumaa kabla ya kufunga ofisi, ingia kwenye dashibodi, shusha bakapu kamili, iweke kwenye diski, ifungie kabatini na vitabu vya fedha. Mara moja kwa miezi mitatu mwombe fundi aifungue mahali pengine muone kama kweli inafunguka. Nimekuta bakapu za mwaka mzima ambazo zilikuwa faili tupu.

Swali: *Mimi ni kijana wa Busia, nimenunua nafasi ya GB 100 kwenye seva na nataka kuigawa niuze. Wenzangu wote wanaandika "bila kikomo" kwenye matangazo. Nikiandika GB 10 watu watanikimbia. Nikiandika bila kikomo nitakuwa nimekosea, na hali najua hakuna mteja wangu atakayefika hata GB 3?*

Mdogo wangu, swali lako ndilo lililonikalisha usiku, kwa sababu niliwahi kuwa mtu wa kulijibu kwa simu.

Kule Kampala kila Jumatatu tulitoa orodha ya akaunti zinazokula diski sana. Mwezi mmoja wa Ramadhani, juu kabisa ya orodha kulikuwa na akaunti ya msikiti wa Bombo. Sheikh alikuwa anarekodi darsa zake na kuziweka kwenye tovuti ili vijana waliokwenda kazini Juba na Dubai wazisikilize. Zilikuwa zimefika 600, kila moja saa nzima, MB 58. Jumla karibu GB 35. Hakuwa na video, hakuwa na mchezo wowote, ni sauti ya mtu anayefundisha. Mkubwa wangu aliniambia niisimamishe akaunti na kumtumia barua.

Sheikh hakusoma barua. Alipiga simu saa tisa usiku, kabla ya daku, na simu niliipokea mimi. Nikamsomea kifungu, kwa Kiingereza kama kilivyoandikwa, halafu nikamweleza kwa Kiswahili: nafasi hii ni ya faili za kurasa za tovuti, siyo ghala la kuhifadhi sauti. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikasikia karatasi, alikuwa ameshika risiti yetu. Akanisomea maneno mawili yaliyokuwa juu yake, kisha akasema, "Binti yangu, hili neno niliandika mimi au mliandika nyinyi?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilisema, "Tuliandika sisi, Sheikh."

Tulimpa saa 48 za kuchukua vitu vyake. Kwa intaneti aliyokuwa nayo, Mbps 4 ikiwa imetulia, GB 35 ni karibu saa ishirini za kushusha bila kukatika hata mara moja, na ilikatika mara nyingi. Nilimwomba mkubwa wangu aongeze siku tatu, akakataa. Muda ulipoisha akaunti ilifutwa. Nilipotafuta kwenye bakapu zetu niliona tarehe ya mwisho ya akaunti ile ilikuwa miezi kumi na moja nyuma, siku ilipovuka GB 20. Kati ya zilizopotea kulikuwa na darsa za mwalimu wake, mzee aliyekuwa amekwisha kufariki. Miezi miwili baadaye niliacha kazi ile.

Kwa hiyo ndiyo, utakuwa umekosea. Unasema hakuna mteja wako atakayefika GB 3. Nakuamini kwa wateja 19 kati ya 20. Neno hilo litamngoja yule wa ishirini, na huyo kwa kawaida siyo mjanja anayetaka kukutumia vibaya. Ni yule aliyekuamini kuliko wengine wote, akakuletea kitu chake cha thamani.

Kuuza zaidi ya ulichonacho peke yake si kosa. Kama una GB 100 na kila mteja anatumia GB 2, unaweza kuwaandikia GB 10 kila mmoja na ukawa na wateja 25, mradi unaangalia diski kila wiki na una akiba ya fedha ya kuongeza nafasi ukifika GB 70. Mteja akizidai GB 10 zake, ziwepo. Hapo ahadi yako ina namba, na namba inaweza kutimizwa.

Kwenye tangazo andika hivi: GB 10, faili 150,000, bakapu kila wiki kwa akaunti zote hata zikijaa, bei ya mwaka wa kwanza na bei ya mwaka wa pili zikiwa pamoja. Hiyo ya mwaka wa pili usiiache, watu wengi wanavutwa na bei ya kuanzia halafu wanakuta imepanda mara tatu. Mfanyabiashara wa mpakani anajua kusoma namba. Anapima mahindi kwa kilo na mafuta kwa lita kila siku. Hatakukimbia kwa sababu ya GB 10 ukimwonyesha kwamba tovuti ya duka lake inataka GB 1.

Na akija mtu wa sauti au wa video, mpigie hesabu palepale kabla hajatoa hela. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa kwa kbps 128 ni MB 58. Darsa nne kwa wiki ni GB 12 kwa mwaka, kwa hiyo mpango wa GB 10 hautamfikisha mwisho wa mwaka, mwambie hivyo. Kisha umwonyeshe kwenye programu ya kurekodi mahali pa kubadilisha 128 iwe 64. Kwa mtu anayezungumza bila muziki inasikika vizuri kabisa, na zile GB 12 zinakuwa 6.